Watoto wamenipumzisha, nami nazidi kusahau

BARUA

Mwanangu wa safu ya ushauri,

Sijui umri wako, lakini nakuita mwanangu kwa kuwa mimi nimetimiza miaka 68. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Muheza. Barua hii naiandika kwa mkono wangu na hakuna aliyenisaidia. Naomba ulizingatie hilo unapoendelea kusoma.

Tatizo langu ni kusahau. Lilianza na majina. Stendi alinisalimia mtu wa makamo, "Shikamoo Mwalimu, umenisahau?" Sura naijua. Najua alikuwa akikaa dawati la pili upande wa dirishani, najua alikuwa mkali wa hesabu na mama yake aliuza vitumbua. Jina likagoma. Nikamwita "baba, baba" mpaka akapanda gari, aibu imenijaa. Usiku, nimeshazima taa, jina likaja lenyewe. Baada ya hapo yakafuata mambo madogo madogo. Naingia chumbani nasimama tu, sijui nilifuata nini. Kuna asubuhi sijui kama dawa nimeshameza au bado.

Kilicholeta balaa ni maharage. Niliyabandika kwenye gesi, jirani akaniita uani kwa habari ya mbuzi wake aliyeingia kwenye mihogo yangu, tukabishana weee, kuja kushtuka ni moshi. Sufuria iliungua, hakuna kingine. Lakini mjukuu akampigia baba yake, kifungua mimba wangu, aliyeko Dar es Salaam. Mwisho wa wiki akawa amefika. Kwa heshima zote, sikatai, akanikalisha akaniambia, "Mama umechoka, sasa pumzika." Jiko la gesi likaondolewa, akaletwa binti wa kupika. Namba ya siri ya simu yangu ikabadilishwa, nikitaka hela ya sabuni naomba. Kisha akampigia mwenyekiti wa kikundi chetu cha vikoba atafutwe mtu mwingine wa kushika daftari, maana mweka hazina ni mimi. Sijawahi kupoteza shilingi ya mtu.

Sasa nashinda kibarazani. Binti ananijibu kwa sauti ya kumsemesha mtoto. Wageni wakiniuliza swali, mwanangu akiwepo anajibu yeye. Na tangu nipumzishwe naona nasahau zaidi. Juzi niligombana na mjukuu kwamba ni Jumanne, kumbe Alhamisi.

Hofu yangu kubwa ni marehemu mama yangu. Uzeeni alikuwa akitoka usiku anasema anakwenda kwao, na hapo alipo ndipo kwao. Alimsahau hata dada yangu aliyekuwa akimwogesha. Watu walisema mengi, wengine walisema ni mchawi amenaswa, na watoto wakamrushia mawe. Nikikumbuka hayo usingizi unakata, nameza piritoni mbili ndipo nalala. Dawa zangu nyingine ni metformini ya sukari, ambayo nimeitumia miaka mingi sasa, na kidonge cha presha. Masikio nayo si ya zamani, mjukuu anasema redio yangu inasikika barabarani.

Nakuuliza: huu ni ugonjwa wa mama unaniingia? Pale stendi kuna kijana anauza vidonge vya majani vya kuongeza kumbukumbu, vinafaa? Na daftari la kikundi, nilikabidhi?

Mwalimu mstaafu, Muheza

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Nianze na jibu, maana najua unalisubiri. Uliyoyaeleza yanafanana zaidi na ubongo unaozeeka kuliko ubongo unaougua. Ila mimi nimesoma barua tu, sijapima damu, na barua yenyewe imetaja vitu vitatu vinavyoweza kumsahaulisha mtu asiye na ugonjwa wowote wa kusahau: metformini, piritoni na masikio. Hivyo vifike kliniki kabla mtu hajatoa hukumu juu ya akili yako. Kuhusu kupumzishwa, sikubaliani na mwanao, na nitaeleza kwa nini.

Tumrudie kwanza yule mtu wa stendi. Tazama ulichokumbuka: dawati, dirisha, hesabu, vitumbua. Habari zake zote zilikuwepo, lililokosekana ni jina, nalo likaja usiku ulipoacha kulitafuta. Majina ya watu ni magumu kwa kila rika. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliwafundisha watu sura za wasiowajua, pamoja na jina na kazi ya kila sura. Walitumia maneno yanayoweza kuwa vyote viwili, kwa mfano Baker, ambalo huko ni jina la ukoo na pia ni mwoka mikate. Neno lile lile lilipotajwa kama kazi, watu walilikumbuka kwa urahisi kuliko lilipotajwa kama jina. Kazi ina tanuri na unga na harufu, inashikika. Jina limebandikwa tu juu ya mtu. Umri ukiongezeka, njia ya kulifikia jina hulegea kabla ya mengine, na hali hiyo ya jina kuning'inia kwenye ncha ya ulimi watafiti wameipima kwa miaka mingi kwa watu wenye afya njema kabisa.

Na si kila kitu kinachoshuka pamoja. Mtaalamu K. Warner Schaie alianza mwaka 1956, huko Seattle, Marekani, kuwapima watu wazima na kuwarudia kila baada ya miaka saba. Kasi ya kupambanua vitu ilianza kupungua mapema mno, watu wakiwa bado vijana. Msamiati na uelewa wa maneno vilikuwa bado viko juu hata walipoingia miaka ya sitini. Na watu walitofautiana sana, wengine wakabaki vilevile kwa muda mrefu. Ndiyo maana unaweza kuniandikia barua iliyonyooka hivi huku ukichelewa kupata jina la mwanafunzi wako. Hayo mawili hayapingani.

Maharage ni habari nyingine. Kule hukusahau jambo lililopita, ulisahau kufanya jambo lililokuwa linakungoja mbele. Hapo watafiti walikutana na kitu wasichokitarajia. Gilles Einstein na Mark McDaniel, mwaka 1990, waliwapa vijana na wazee kazi ya kukumbuka kubonyeza kitufe kila waonapo neno fulani, na wazee hawakuwa nyuma ya vijana. Katika maisha ya kawaida, kama kukumbuka kupiga simu siku na saa iliyopangwa, wazee mara nyingi huwashinda vijana, kwa sababu hawajiamini kupita kiasi: wanaandika, wanaweka alama, wanaacha kitu mlangoni. Kinachowaangusha ni alama ikikosekana, akili ikavutwa kwingine. Wewe ulivutwa na mbuzi. Kijana wa miaka 25 mwenye simu mkononi naye anaunguza maharage, ila hakuna anayekuja kutoka Dar kumnyang'anya jiko.

Basi weka alama. Ukitoka jikoni na moto unawaka, toka na mwiko mkononi. Utabishana na jirani, lakini mwiko utakuuliza umetoka wapi. Na simu yako ina kengele, mjukuu akuonyeshe kuiwasha ukibandika kitu. Dawa za asubuhi zitiwe kwenye kasha lenye vyumba saba vya siku za wiki, linauzwa maduka ya dawa. Chumba cha leo kikiwa kitupu, umeshameza. Hakuna haja ya kuikalia akili kuihoji.

Kuna jingine dogo ambalo walimu mnalipenda. Mwaka 2004 Linda Liu na Denise Park waliwaomba wazee wasio na kisukari wapime sukari nyumbani kila siku kwa wiki tatu, kwa saa zilizopangwa. Kundi moja lilirudia maelekezo kwa sauti, jingine likaandika faida na hasara. Kundi la tatu lilitumia dakika chache kujiona akilini: kesho saa hiyo nitakuwa wapi, ninafanya nini, kisha napima. Kundi hilo ndilo lililokumbuka vizuri kuliko mengine. Kwa hiyo usijiambie "nisisahau dawa." Jione umemaliza kunawa uso, umevuta kiti, umeshika kikombe, unafungua chumba cha Jumatatu.

Sasa kliniki. Metformini ni dawa nzuri na usiiache kwa sababu yangu. Lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta uchovu, ganzi miguuni na kusahau. Unapimwa kwa damu, unatibika kwa vidonge au sindano. Nashangaa mara nyingi jinsi kipimo hiki kisivyoulizwa na wagonjwa wa sukari.

Piritoni ni dawa ya mzio na mafua. Usingizi wake ni madhara yake. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kuweka kumbukumbu, na ndiyo sababu madaktari wa wazee wanashauri dawa za kundi hilo ziepukwe kwa watu wa umri wako. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na huzuni, nayo ina tabia hiyo. Mbili kila usiku, Mwalimu, na asubuhi unasimama chumbani hujui ulifuata nini! Mweleze daktari kwamba hulali na kwa nini hulali. Hofu inayokukesha ina tiba bora kuliko kidonge cha mafua, na ujane na upweke vyenyewe vinaweza kumfanya mtu mwenye ubongo mzima aonekane kasahau kila kitu.

Masikio yasidharauliwe. Neno ambalo hukulisikia vizuri huwezi kulikumbuka, na ubongo unaohangaika kusikia unabakiwa na nguvu kidogo ya kuhifadhi. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na akili, yakiwemo usikivu hafifu, presha, kisukari, huzuni na upweke, ikakadiria kwamba yote kwa pamoja yanagusa karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti wa Marekani uliohusisha watu 977 wa miaka 70 hadi 84 uliwapa baadhi yao vifaa vya kusikilizia. Kwa wote pamoja tofauti haikuonekana. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kushuka kwa uwezo wa akili kulipungua kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Anza na jambo la bei rahisi: wakuangalie nta. Kuna wazee wamesafishwa sikio wakarudi nyumbani redio wakaipunguza wenyewe.

Ugonjwa wa mama yako sasa. Sikumwona, lakini kutoka usiku kutafuta kwao akiwa kwao, na kumsahau mtoto anayemwogesha, ni dalili ambazo daktari yeyote wa wazee angezitambua kuwa za dimensia. Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ndio chanzo chake cha kawaida zaidi. Mama yako aliugua, Mwalimu. Waliomrushia mawe walimrushia mgonjwa. Na ugonjwa wa mzazi aliyeugua uzeeni unaongeza hatari kwa mtoto kiasi, hauandiki hatima yake.

Hapa kwetu jambo hili limechunguzwa, tena si mbali na wewe. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Newcastle walipita kijiji kwa kijiji, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 walikadiria kwamba watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Geuza hesabu hiyo: zaidi ya 93 hawana. Walipokuwa wakipima waligundua pia kwamba vipimo vilivyotungwa Ulaya vinamdai mzee achore na kuandika, na bibi ambaye hakupata kushika penseli anashindwa kwa sababu ya penseli. Wakatunga kipimo kifupi cha maswali sita kinachofaa hata kwa asiyesoma. Ndani yake mna kutaja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Nataka mwanao asome aya hii kwa makini. Huko huko Hai, waliokwisha kuthibitishwa kuwa na dimensia waliwekwa katika vikundi vya tiba ya kuchangamsha akili, vikao 14 kwa wiki saba, kwa mfumo ulioanzia Uingereza ukarekebishwa kwa mazingira ya kwetu. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionyesha uwezo wao wa akili ukipanda. Kundi lilikuwa dogo, watu 34, kwa hiyo tusilitukuze kupita kiasi. Lakini tazama kinachofanyika katika vikao hivyo: mazungumzo ya utotoni, vyakula, habari za siku, michezo ya namba, nyuso za watu, na kimojawapo katika ule mfumo wa awali ni matumizi ya pesa. Mtu ambaye ugonjwa umeshathibitika anapewa chakula cha kuzungumzia na pesa za kuhesabu, viwe tiba. Mama ambaye hajapimwa hata damu amenyang'anywa jiko na namba ya siri.

Hili la kunyang'anywa kwa upendo lilimshughulisha sana mwanasaikolojia Margret Baltes huko Ujerumani. Alikaa katika nyumba za wazee akiangalia nani anafanya nini. Akaona mzee akijivalisha shati mwenyewe, hakuna anayemtazama. Akisitasita tu, mtu amekuja kumvalisha, na maneno matamu juu. Siku zikienda mzee anajifunza kwamba njia ya kupata mtu karibu ni kutoweza. Kwa hiyo ulivyoona kwamba unasahau zaidi tangu upumzishwe, usidhani umejitungia. Sokoni unakumbuka bei, jikoni unapanga hatua, kwenye kikundi unakumbuka nani hajalipa, na siku ya kikao ndiyo inayokuambia leo ni siku gani. Kibarazani Jumanne na Alhamisi zina sura moja. Na swali la "leo ni siku gani" limo katika vipimo vingi vya kumbukumbu, ungepelekwa leo ungelikosa kwa sababu ya kibaraza.

Kaka yangu wa Dar, najua hukufanya kwa ubaya. Moshi ndani ya nyumba ya mama yako, na wewe uko mbali, unatisha. Ila rudisha jiko, na kwa miezi ya kwanza binti awepo jikoni kama msaidizi wa mama, mpishi akiwa mama. Rudisha namba ya siri. Kama hofu ni matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii," wekeni sharti moja: ombi lolote la pesa kwa ujumbe, mama anakupigia kwanza, nawe unapokea. Mwisho wa mwezi kaeni pamoja mpitie taarifa ya miamala. Kama tatizo la kweli lipo, litaonekana hapo mapema kuliko kwenye sufuria. Na mgeni akimuuliza mama swali, kaa kimya hata akichelewa kujibu. Kasi imepungua, jibu lipo njiani.

Daftari la kikundi usikabidhi, Mwalimu, lakini usilishike peke yako pia. Sanduku lenu la vikoba, kama mengi nchini, bila shaka lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu. Hakuna aliyedhani mwenye ufunguo wa kwanza ni mwizi. Fanyeni hivyo kwa hesabu: mtu wa pili anakili kila hisa na kila marejesho, mnasomeana kabla kikao hakijafungwa. Ukikosea mara moja, mtu atakosoa. Ukianza kukosea kila kikao, hesabu ambazo ulizimudu miaka yote zikakushinda, hiyo ni dalili ya kweli na utaijua kabla pesa ya mtu haijapotea.

Dalili nyingine za kumwona daktari bila kungoja: kupotea njia unayoipita kila siku, kuuliza swali lile lile mara kadhaa ndani ya saa moja bila kujua umeshauliza, kushindwa hatua za pishi ulilozoea, kubadilika tabia. Inapokuwa jamaa ndio wanaoona na mwenyewe haoni, wasiwasi uongezeke. Kwako ni kinyume, wewe ndiye uliyeona. Na mtu akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mara nyingi ni maambukizi, sukari au dawa.

Vidonge vya stendi viache. Majani yaliyosifiwa kuliko yote kwa kumbukumbu ni ginko, na yalipojaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wa miaka 75 na zaidi, matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha hayakuzuia dimensia. Hela hiyo nunua samaki na mboga. Ufini walijaribu njia isiyouzwa kwenye kopo: watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, nusu yao wakapewa kwa miaka miwili mpango wa chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari. Matokeo ya 2015 yalionyesha jumla ya alama zao za akili ikipanda asilimia 25 zaidi ya wenzao waliopewa ushauri wa kawaida.

Kwa mwalimu nina jingine ninalolipenda zaidi. Jijini Baltimore walianzisha mpango wa kuwapeleka wazee wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi, saa 15 kwa wiki, kuwasaidia watoto wadogo kusoma. Watafiti walipopiga picha za ubongo za kundi dogo la akina mama katika mpango huo, matokeo yakatolewa 2009, waliona sehemu za mbele zikifanya kazi zaidi kuliko mwanzo, na kipimo cha umakini nacho kikapanda. Muheza haikosi watoto wa darasa la pili wasiojua kuunganisha silabi. Watatu wanne barazani kwako, jioni tatu kwa wiki, na kila mmoja umwite kwa jina anapofika, anapokosea na anapoondoka. Kujikumbusha jina kwa vipindi vinavyozidi kurefuka ndiyo njia bora ninayoijua ya kulishika.

Siku ya kliniki weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata hizo za kulala, uende nazo. Pitia dirisha la wazee, umri unakuruhusu. Uliza kwa majina: B12, sukari, presha, tezi ya thairoidi, masikio na macho. Muheza wakikosa kipimo cha B12, waulize kama sampuli inaweza kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga. Mwombe mwanao akusindikize, maana daktari atataka pia kusikia wa nyumbani wameona nini, lakini akae kiti cha nyuma. Majibu ya B12 yakiwa chini, tiba ianze, na kumbukumbu ipimwe tena baada ya miezi michache kabla ya mtu kusema lolote kuhusu dimensia.